Wanafunzi Wangu Walipika Data ya Mvua, na Chati Yao Imebandikwa Ofisini

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mwalimu wa Sayansi Jumuishi na Hisabati katika shule moja ya umma ya sekondari msingi, upande wa Likoni, Mombasa. Gredi yangu ya 8 ina wanafunzi 63 katika chumba kimoja. Likizo ya Aprili nilihudhuria warsha ya siku tano iliyokusudiwa kutusaidia sisi walimu kuingiza ujuzi wa data katika masomo ya sayansi. Mafunzo yote yalikuwa ya kompyuta: kupanga namba katika lahajedwali, kuchora grafu za rangi, na hata kuandika mistari michache ya programu. Nilitoka huko na hamu kubwa, nikarudi kwenye shule yenye kompyuta moja inayokaa kwa karani na tabuleti ambazo nyingi betri zake zimekufa.

Hata hivyo sikuvunjika moyo. Kwa kuwa muhula wa pili hutukuta katikati ya masika, niliamua tupime mvua. Nilipata kopo tupu la mafuta ya kupikia, nikaliweka mahali pa wazi uwanjani, kisha nikawachorea wanafunzi jedwali la wiki nne, Jumatatu hadi Jumapili, ambalo kila mmoja alilinakili daftarini mwake. Kila asubuhi mwanafunzi alitakiwa kupima kina cha maji kwa rula yake na kuandika namba, na kengele ya mapumziko ikilia kiranja aliyamwaga. Niliweka alama moja kwa kila siku iliyojazwa, jumla alama 28, nikawaambia kwamba zitaingia katika tathmini ya shule.

Wiki nne zilipokwisha, madaftari yote yalikuja yamejaa bila pengo hata moja. Wanafunzi wanne wenye mkono mzuri walichora chati kubwa kwenye karatasi ya manila, mwalimu mkuu akapendezwa nayo, akaibandika ofisini kwake, na maafisa wa elimu waliokuja kuzuru shule wakasimama mbele yake wakaisifu.

Nilipokaa kusahihisha ndipo niliposhtuka. Jumamosi ya wiki ya tatu nilikuwa nikienda harusini Mji wa Kale, mvua ikanikuta nikiteremka kwenye feri, na nilifika kwa watu buibui langu limelowa chapachapa. Nikaitafuta siku hiyo katika madaftari. Wengi waliandika 0, wengine 5, wengine 10 au 15, na mmoja 30. Nilipotazama vizuri, karibu namba zote za mwezi mzima ziliishia kwa sifuri au tano. Kisha nikakumbuka kwamba lango la shule hufungwa Ijumaa jioni na bawabu hamfungulii mtu mpaka Jumatatu, kwa hiyo hakuna mtoto aliyeweza kulifikia kopo.

Nilikasirika, nikawapa wote sifuri, na nikawaambia mbele ya darasa kwamba wao ni waongo. Tangu siku hiyo darasa limepoa. Nikiuliza swali, hakuna anyoshaye mkono. Mwenzangu katika chumba cha walimu alicheka akasema kwamba mambo ya data ni ya shule zenye kompyuta, sisi wengine tumalize silabasi. Na ile chati bado iko ofisini, kila nikipita naiona. Je, ningoje mpaka tupate vifaa vya kisasa, nianze upya hivi hivi, au niachane na jambo hili kabisa? Na chati niifanyeje?

Mwalimu wa Gredi ya 8, Likoni

*

Marahaba, binti yangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilisimama kwenye sentensi ambayo nadhani wewe uliipita kwa haraka. Unasema jedwali lilianza Jumatatu likaishia Jumapili, na unasema lango lilifungwa Ijumaa jioni. Katika siku 28 ulizowapa, 8 hazikuwezekana kupimwa na mtu yeyote, na kila moja ya siku hizo 8 ilikuwa na alama yake. Mtoto ambaye angeandika ukweli mtupu angepata 20 juu ya 28, na mwenzake aliyebuni angepata zote. Watoto 63 waliipiga hesabu hiyo kabla yako. Walichokosea ni kusema uongo, na hilo sitawatetea, lakini jedwali liliwadai namba ambazo hazikuwepo duniani, nao wakalilipa.

Nakuambia haya bila kujitia usafi. Nilianza kufundisha fizikia miaka ambayo mfumo wa elimu wa 8-4-4, ulioanza 1985, ulikuwa bado mchanga. Nikawapa wanafunzi kamba na jiwe la kubembea ili watafute mchapuko wa mvutano wa dunia, yaani jinsi kasi ya kitu kinachoanguka inavyoongezeka, ambao kitabuni ni 9.8. Kila kundi lilileta 9.8, na mimi nikawasifu kwa umakini wao. Miaka mingi baadaye mmoja wao, mtu mzima mwenye kazi bandarini, alinieleza huku akicheka kwamba walikuwa wakianza na jibu, wakirudi nyuma mpaka wapate sekunde za kuandika. Nilikuwa nikitoa alama kwa ukaribu wa jibu na kitabu, kwa hiyo nilikuwa nikifundisha upishi.

Sasa tuje kwenye ushahidi wako, kwa sababu una vipande viwili na havina uzito sawa. Lango lililofungwa ni ushahidi usio na shaka. Namba zinazoishia kwa sifuri na tano si ushahidi wa wizi hata kidogo. Mtu mwaminifu anayepima kwa haraka, huku wenzake 20 wakimsukuma nyuma, huona maji yako karibu na mstari mrefu wa rula na kuandika 10 hata kama ni 11. Nesi hufanya hivyo, fundi hufanya hivyo, na mimi nikiulizwa umri wa mtu nisiyemjua hufanya hivyo. Wafundishe kwamba mkusanyiko wa sifuri na tano unatuambia jambo kuhusu mpimaji na namna alivyopima, na kwamba kabla ya kumwita mtu mwongo inafaa kukitazama chombo chake kwanza.

Na hapo kwenye chombo ndipo nataka tukae kidogo. Chukua rula tano za wanafunzi wako, zilaze mezani zikiwa zimeanzia ukingo mmoja, uangalie sifuri zake ziko wapi. Nyingine sifuri iko pembeni kabisa, nyingine pana kipande kitupu cha milimita nne, tano, hata zaidi kabla ya sifuri. Ukiisimamisha rula hiyo ya pili ndani ya kopo, kile kipande kitupu kinazama bila kuhesabiwa. Maji ya kina cha milimita 14 yatasomwa 9. Mvua ndogo ya milimita 3 haitasomwa kabisa, na mtoto ataandika 0 kwa moyo mweupe. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba katika siku zako 20 za kweli wamo watoto wawili waliopima kopo moja, asubuhi moja, kwa uaminifu, wakaleta 14 na 9, nawe leo huwezi kuwatofautisha na waliobuni. Anza upya kwa jambo hili. Leta kopo lenye maji darasani, waite watoto wawili wenye rula tofauti, kila mmoja apime bila kuona namba ya mwenzake, kisha ziandike namba zote mbili ubaoni na uulize nani amekosea. Waache wabishane, na wabishane kwa Kiswahili, hata kama kipindi chenyewe hufundishwa kwa Kiingereza. Watakapojua wanachotaka kusema, Kiingereza cha kukiandikia kitapatikana. Mwishowe mtu ataichunguza rula. Hilo ndilo somo la data lililokosekana katika warsha yako, na halihitaji umeme.

Kabla ya hapo, hata hivyo, una neno la kusema mbele ya darasa. Usiwaombe radhi kwa yote, kwa sababu kubuni walibuni. Waombe radhi kwa sehemu yako: waambie kwamba jedwali lilikuwa na vyumba visivyojazika, kwamba uliweka alama juu ya kujaza badala ya kupima, na kwamba sifuri ulizowapa umezifuta pamoja na zoezi zima. Usizirudishe zile 28. Kazi ile ifutwe, ianzwe nyingine.

Katika kazi hiyo nyingine, usimdai kila mtoto apime kila siku kwa mwezi mzima. Hata mimi ningechoka na kuanza kubahatisha kufikia wiki ya pili. Wazee wa pwani hii waliuhesabu mwaka tangu Nairuzi, siku ya mwaka mpya wa Waswahili, kwa mafungu ya siku kumi kumi, kila fungu likiitwa mwongo, na kwa miongo hiyo mkulima alijua lini apande na nahodha alijua lini autegemee upepo wa kaskazi. Gawa watoto 63 katika vikundi 9 vya watu 7, na kila kikundi kipewe mwongo wake mmoja. Vikundi 6 vitakutosha kwa siku 60 hivi zilizobaki za muhula huu, na vitatu vingoje mvua za vuli muhula wa tatu. Husemwa kwamba njia ya mwongo ni fupi. Basi wa kwako uwe mfupi kwa maana hiyo njema, siku kumi tu, ambazo mtoto anaweza kuzibeba bila kuchoka.

Pimeni saa tatu asubuhi, ambayo ndiyo saa ya vituo vya hali ya hewa nchini, na namba hiyo ihesabiwe kuwa mvua ya saa 24 zilizotangulia. Watoto wawili wapime kila mmoja kivyake na kuandika kwenye vikaratasi vilivyokunjwa, na wa tatu aziingize namba zote mbili daftarini bila kuzipatanisha. Jumamosi na Jumapili lango likifungwa, msiandike kitu. Jumatatu mpime maji yote yaliyokusanyika na muandike kwamba hayo ni ya siku tatu. Kuna kiasi kitakachokauka kwa jua letu hili, kwa hiyo funikeni kopo kwa faneli yenye mdomo wa upana uleule wa kopo. Kopo likae mbali na mwembe na mbali na paa, umbali usiopungua mara mbili ya urefu wa kitu hicho.

Kuhusu siku isiyopimwa, wafundishe kuandika mstari, na pembeni ya mstari sababu yake. Hapa nitakupa mfano wa namba chache tu, kwa sababu naona walimu wengi hupita juu yake. Tuseme Jumanne ni 12, Jumatano 0, Alhamisi mstari, Ijumaa 6. Jumla ni 18. Ukigawanya kwa siku tatu zilizopimwa unapata wastani wa 6. Ukichukulia ule mstari kuwa sifuri na kugawanya kwa nne unapata 4.5. Ipi ni sahihi? Ikiwa Alhamisi mbuzi alipindua kopo, mvua ya siku hiyo imepotea na hatuijui, kwa hiyo tunagawanya kwa tatu. Lakini ikiwa Alhamisi watoto walikuwa na mtihani wakasahau kupima na maji yakabaki koponi, basi ile 6 ya Ijumaa ni ya siku mbili, hakuna kilichopotea, na kugawanya kwa nne ni haki. Mstari ni uleule, namba ni zilezile, lakini jibu limebadilika kwa sababu ya mbuzi. Mtoto aliyeandika «mbuzi» pembeni ya mstari wake mpe alama kamili. Mpe alama pia anayeeleza kwa nini namba zake mbili zimetofautiana. Kwa kisanduku kilichojazwa tu, usimpe kitu.

Swali lenyewe nalo linastahili kubadilishwa, kwa maana «mvua ilinyesha kiasi gani» ni swali ambalo mtoto wa Likoni hana haja nalo. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji, kamili, bila kuzidi wala kupungua. Wapeleke nje wapime paa la darasa kwa hatua au kwa kamba, urefu na upana kama vinavyoonekana chini ardhini, bila kufuata mwinamo wa mabati. Likiwa mita 8 kwa 6, ni mita 48 za mraba. Mvua ya milimita 20 italiangushia lita 960, nazo ni mitungi 48 ya lita 20. Mtoto ambaye mama yake hununua maji kwa mtungi kutoka kwa mwenye mkokoteni ataizidisha 48 kwa bei ya mtaani kwao kabla hujamwambia. Na siku hiyo ndiyo atakayoona kwamba namba ya kubuni inamdanganya yeye mwenyewe, kwa sababu amehesabu maji ambayo hayakuanguka. Atauliza pia kwa nini shule haina mfereji wa paa, swali ambalo wewe na mwalimu mkuu mtalijibu mnavyojua.

Vifaa vya kisasa usivingoje. Mradi wa SMASSE, wa kuimarisha ufundishaji wa hisabati na sayansi katika sekondari, ulipoanza mwaka 1998 kwa msaada wa Japani, jambo tulilohimizwa sana sisi walimu wa sayansi na hisabati ni kubuni vifaa kutokana na vitu vilivyopo, na kopo lako liko katika desturi hiyo. Warsha yako haikuwa bure, ilianzia mwisho tu. Miongo miwili ikishapita, mwombe karani saa moja ya kompyuta yake, kikundi kimoja kiingize namba: kila siku mstari wake, kila kipimo safu yake, na kipimo cha mtoto wa kwanza kisichanganywe na cha wa pili. Wakumbushe waandike 12 peke yake na neno milimita likae juu ya safu, kwa kuwa wakiandika 12mm ndani ya kisanduku, programu italiona kuwa neno na itairuka namba hiyo wakati wa kujumlisha, bila kulalamika. Kosa hilo limewahi kunila jioni nzima.

Mwenzako anayecheka mwoneshe mtaala wa Hisabati wa sekondari msingi, una mada nzima ya kushughulikia data na uwezekano, na wastani na grafu alizokuwa atoe kitabuni unaweza kumpa kutoka koponi. Ukitaka kumvutia, mwachie kazi ya bahari: maji ya bamvua, yanapojaa na kupwa sana, na maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo. Watoto wa Likoni wameona jinsi gati la feri linavyokuwa na mteremko mkali wakati wa kupwa kwa bamvua. Halmashauri ya Bandari huchapisha majedwali ya kujaa na kupwa, ambamo darasa litaona kwamba bamvuani tofauti ya maji hupita mita 3 na kwenye mafu hubaki mita moja hivi. Wafanye hivyo kwa karatasi kwanza. Watoto 63 ukingoni mwa maji sikushauri.

Nimebakisha chati. Nenda kwa mwalimu mkuu wewe mwenyewe, faraghani, kabla hajaisikia kwa mtu mwingine, na usianze na watoto, anza na jedwali lako. Mwambie siku 8 katika zile 28 hazikupimwa na nyingine huna hakika nazo, na umwombe akurudishie karatasi. Ataona aibu kwa sababu ya wageni, na kama atawapigia au hatawapigia, hilo ni lake. Lakini mficha uchi hazai, na chati ile ikikaa pale, kila mtoto atakayetumwa ofisini kuchukua chaki atasoma kwamba uongo hubandikwa ukutani na ukweli hupewa sifuri. Ukiipata usiichane. Itundike darasani, wachoraji wake wanne wazipige mstari mwekundu siku 8 za wikendi, na pembeni yake iachwe nafasi tupu ya upana uleule kwa ajili ya mwongo wa kwanza.

Kopo lako, ikiwa ni lilelile lililokaa mvuani mwezi mzima, usiliamini bado. Lijaze maji Ijumaa mchana na ulifunike, uweke alama ya kalamu usawa wa maji, ulitazame Jumatatu. La kwangu la kwanza lilikuwa na tundu la kutu lisilozidi ncha ya sindano, na kwa wiki mbili niliwalaumu watoto.